Taa Iliyomngoja Isidori

Kariakoo haijazoea kunyamaza. Hata siku ya Idi, hata siku ya Krismasi, hapakosi mtu anayepiga nyundo mahali, guta linalolia vyuma, kipaza sauti kinachonadi soksi. Kwa hiyo siku kimya kilipoingia mtaani saa saba kasorobo mchana, Bibi Agnesi, aliyekuwa nyuma ya duka lake anakula, aliacha kutafuna.

Hakikuwa kimya kirefu. Injini zilinguruma chini kwa chini kama ng'ombe waliofungiwa zizini, lakini hakuna gari lililosogea, na honi hazikulia. Kisha mambo yote yakarudi kwa mara moja, bodaboda, matusi, muziki. Bibi Agnesi akarudisha kijiko sahanini.

Kimya cha namna ile alikuwa amekisikia mara moja tu maishani, miaka sita nyuma, mahali palepale, saa ileile. Kilipokwisha kile cha kwanza, alikuwa mjane.

Kesho yake kikaja tena. Keshokutwa tena.

Tumjue kwanza huyu mama, maana wengi wanapita mbele ya fremu yake bila kumwona. Alikuja Dar es Salaam bibi harusi wa miaka kumi na tisa kutoka Kibosho, nyuma ya mume wake Isidori, na tangu siku hiyo anauza vitambaa vya suti na vitambaa vya sare za shule. Kusoma anasoma kwa kidole. Lakini mpe kitambaa akishike gizani, atakuambia kimechanganywa nini na kitachuja baada ya kufuliwa mara ngapi. Watoto wake wameoa na kuolewa huko Arusha, wanampigia simu wakimsihi apumzike. Anawajibu, "Nikipumzika nitakufa, na nyinyi mtasema nimekufa nimepumzika." Kwa ubishi hana mpinzani mtaa mzima.

Isidori alikuwa mtu wa taratibu. Alikuwa na koti moja zito la sufu, la kijivu, la baridi ya Kibosho, ambalo kwa joto la Dar watu walilicheka mpaka wakachoka. Hakulivaa, lakini lilikuwa na kazi yake. Pale Kariakoo mwenye duka akienda kusali au kula, hulaza fagio mlangoni, na mtu wa heshima haruki fagio la mwenzake. Isidori alisema fagio halitoshi. "Mtu anaweza kuruka fagio," alisema, "haruki koti la mtu." Basi kila mchana alilitundika koti lake kwenye hanga katikati ya mlango, uso umeelekea barabarani, feni ya dukani inalisukuma taratibu kwa nyuma, mikono inachezacheza. Mteja akiliona anajua mwenyewe hayuko mbali.

Kisha mke na mume walivuka barabara kwenda kula kwa Sabaha, mama wa Kimakonde mwenye meko yake upande wa pili. Isidori alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili na mguu mmoja ulioburuta, kwa hiyo Agnesi alimshika kiwiko. Miaka mingi walivuka hivyo, bega kwa bega, na watu wa mtaa waliweza kujua saa kwa kuwaangalia.

Siku ile waligombana. Ilikuwa Desemba, na kila Mchaga anajua Desemba ni ya kurudi nyumbani. Isidori alitaka waende Kibosho. Agnesi akasema Desemba ndiyo mwezi wa sare, nani atauza? Neno likazaa neno. Mchana ulipofika, mzee akatundika koti, akainua kiwiko chake kidogo pembeni, kama ilivyokuwa desturi yake, akingoja kushikwa. Mke akageuza uso.

"Leo vuka mwenyewe," akasema. "Barabara hii sikuijenga mimi."

Isidori akasimama kidogo, kiwiko kimeinuka. Kisha akakishusha, akaenda.

Aliyemgonga alikuwa bodaboda, na yule kijana wa watu alilia kuliko wafiwa. Mzee alisafirishwa akazikwa kwao, migombani. Agnesi alisimama kaburini mkavu kama gogo. Kwao ukimkosea mtu unamletea isale, lile jani refu la kijani lenye heshima, na ukishamletea hawezi kukukatalia msamaha. Mashemeji walimtazama mikono. Haikuwa na kitu. Maishani mwake Agnesi hakuwahi kumpelekea mtu isale, na hakuona aanzie vipi na maiti.

Tangu hapo hakuvuka barabara ile. Alikula nyuma ya duka, na alipokuwa na safari upande wa pili alizunguka mitaa mitatu. Koti aliendelea kulitundika kila mchana. Isale moja aliyoipanda Isidori kwenye kopo la rangi, huko nyuma ya duka, aliimwagilia maji kila asubuhi, na hakuikata jani.

Sasa turudi kwenye kimya.

Siku ya nne, Mrisho, jirani yake muuza ndoo na mabeseni, alichungulia mlangoni. Mrisho ni mtu wa Lindi, ana miaka hamsini, na kama wengi mjini humwita kila Mchaga mwenye duka Mangi.

"Shikamoo, Mama Mangi. Hiyo taa yako ina wazimu."

"Marahaba. Taa yangu mimi tangu lini? Nimeinunua?"

"Imesimama mbele ya duka lako, si yako hiyo?"

Alikuwa anazungumzia ile taa mpya ya kivuko cha waenda kwa miguu. Wiki mbili nyuma walikuja vijana wa vizibao vya njano wakasimamisha nguzo, na juu ya nguzo wakaweka jicho, ambalo lilikuwa na siku nne tu tangu liwashwe. Taa yenye akili, walisema. Haihesabu dakika kama taa za zamani, inatazama. Ikiona watu wengi wanataka kuvuka inasimamisha magari. Ikiona mzee au mlemavu inamwongezea muda. Na mtu akiwa katikati ya barabara haiachii magari kabisa mpaka amalize. Kampuni tatu zilikuwa zimeweka taa za namna hiyo mjini, kila moja na njia panda yake, zote zinataka kuuzia mji mzima. Bibi Agnesi alipoelezwa alielewa upesi. "Wachuuzi tu hao," akasema. "Wametundika sampuli."

"Basi sampuli yao imeharibika," alisema Mrisho. "Kila mchana, saa saba kasorobo. Watu wanavuka, wanaisha, barabara nyeupe, na taa imezuia magari. Inamngoja nani? Jana dereva mmoja wa bajaji kashuka kabisa kuangalia, karudi anasoma dua."

Bibi Agnesi akakunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

Jioni yake Sabaha mwenyewe alivuka akaja, jambo ambalo halikuwa kawaida, akaketi kwenye kigoda cha wateja.

"Bibi, mimi sijui kuficha," alisema. "Nakaa upande ule, naona vizuri. Ile taa inangoja kwa mwendo wa mtu. Siyo mwendo wa kijana. Ni kama inamwangalia mzee anaburuta mguu. Nilikuwa nawaona nyinyi kila siku, naujua ule muda. Wali nilikuwa napakua nikiwaona mnashuka ukingoni, mkifika umepoa kiasi chake." Akashusha sauti. "Ni muda uleule, Bibi. Huyo ni mzee wetu, anavuka. Na yuko peke yake."

"Nenda nyumbani, Sabaha," alisema Bibi Agnesi. "Giza linaingia."

Lakini usiku hakulala, na mchana uliofuata hakula. Alikaa nyuma ya duka na sahani mapajani, akingoja. Kimya kilipoingia, alikisikiliza chote mpaka mwisho. Alitaka kutoka akaone, hakutoka.

Jumatano akaja binti mwenye kompyuta mkononi na kizibao cha njano.

"Shikamoo, Bibi. Naitwa Vicky, ni fundi wa hii taa."

"Marahaba. Vicky wa wapi?"

"Nimezaliwa hapahapa Ilala, ila baba ni wa Machame."

"Machame!" Bibi Agnesi akamtazama toka juu hadi chini. "Ndiyo maana unaingia dukani kwa mtu bila kunusa kitambaa hata kimoja. Babu zenu walikuwa hivyohivyo, wakija Kibosho hawajui wanatafuta nini."

"Walikuwa wanatafuta wake, Bibi. Walikuwa wanapata."

Bibi Agnesi akacheka bila kupenda, akamsogezea kigoda. Binti akafungua kompyuta. Alikuwa amechoka machoni. Ijumaa, alieleza, kampuni inaleta wageni wa mji, maofisa wenye kauli ya kununua, kuiona taa ikifanya kazi, na ikiendelea kusimamisha magari bila mtu, watachukua taa za kampuni nyingine. Ametafuta kosa siku tatu. Sasa amelipata.

"Tazama. Hii ni picha ya jana. Kila inachokiona ni mtu, inakizungushia kisanduku cha kijani."

Kiooni ulionekana mtaa wao kutoka juu. Wapagazi walikuwa na visanduku. Mama mwenye ndoo alikuwa na kisanduku. Kisha watu wakaisha, magari yamesimama, na kisanduku kimoja kikabaki, ukingoni mwa barabara, penye mlango wa duka la vitambaa. Ndani yake palikuwa na kitu cha kijivu kinachoyumba polepole. Chini yake kulikuwa na maandishi. Bibi Agnesi akayasoma kwa kidole, herufi moja moja.

"Mtu," akasoma. "Mzee."

"Ni koti, Bibi. Hilo koti unalotundika. Feni inalisukuma, mashine inadhani ni mzee amesimama anataka kuvuka, anasitasita. Inamngoja, inamngoja, muda wake wote wa nyongeza unaisha, ndiyo inaachia magari na kumhesabu ameghairi kuvuka."

Bibi Agnesi akarudisha kidole kwenye kile kisanduku.

"Anasitasita," akasema.

"Ndiyo. Kama anamngoja mtu amshike mkono."

Binti wa watu hakujua alichosema. Alisema tu kama mafundi wanavyosema. Bibi Agnesi akainuka, akaenda nyuma ya duka, akasimama mbele ya kopo la rangi, akaimwagilia isale maji kwa mara ya pili siku ile, akarudi.

"Basi nakuomba, Bibi, mpaka Ijumaa ipite, usilitundike," alisema Vicky.

"Nitalitundika."

"Bibi..."

"Koti hili limetundikwa hapo kabla baba yako hajamjua mama yako. Mmeleta jicho lenu mmelikuta. Kama jicho lenu haliwezi kutofautisha koti na mume wangu, si kosa la koti."

Vicky akafikicha macho. Akasema sawa, basi ataifundisha mashine. Akapiga picha koti mbele, nyuma, ubavuni, kola imelala, kola imeinuka. Alimweleza Bibi wazi kabisa alichokuwa anafanya: anaiambia mashine kwamba kitu hiki si mtu, popote itakapokiona isikihesabu. Bibi Agnesi alimshikia hanga.

Alhamisi saa saba kasorobo, Bibi Agnesi alikaa na sahani yake nyuma ya duka. Magari yakasimama, watu wakavuka, magari yakaondoka. Kelele haikukatika. Alingoja. Saa saba ikafika, ikapita. Mtaa uliendelea kunguruma kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kusimama ukingoni pale, kiwiko kimeinuka. Chakula kikapoa. Miaka sita alikuwa hajatoa chozi, na hata sasa halikutoka, lakini aliona wazi kwamba wamemwondoa mara ya pili, na mara hii yeye mwenyewe ndiye aliyeshika hanga.

Ndipo alipochukua kisu.

Siku ya Ijumaa mchana wanaume wengi wa mtaa wapo msikitini. Kwa Mrisho fagio limelala mlangoni. Upande wa Sabaha, chini ya mwavuli, wamesimama wageni wa mji na mashati yao yaliyopigwa pasi, mkubwa wa kampuni anawaonyesha nguzo kwa kidole, na Vicky ameshika kompyuta. Watu watano au sita wanangoja kuvuka.

Bibi Agnesi akatoka dukani amelivaa koti. Lilimfika magotini. Mfukoni jani la isale lilichomoza kichwa chake cha kijani. Alikuwa amewaza yote usiku. Siku ile aliacha kumvusha, basi leo atamvusha: atashuka naye ukingoni, atafika mahali alipoangukia, atatoa isale, atasema neno lake, watamaliza barabara pamoja. Muda utakuwepo, maana taa haimwachii mtu katikati ya barabara. Kwamba koti si mtu alikuwa ameelewa vizuri. Hakufikiria kwamba mashine haijui koti linaishia wapi na mtu anaanzia wapi.

Taa ikazuia magari. Watu wakashuka, naye akashuka. Ilikuwa mara ya kwanza mguu wake kukanyaga lami ile kwa miaka sita, na ilikuwa ya moto. Akainua kiwiko chake kidogo pembeni. Akatembea mwendo wa Isidori, akiburuta. Wenzake wakampita, wakafika, wakatawanyika. Penye mstari wa nne mweupe akasimama, maana ndipo Isidori alipokuwa amelala. Akaingiza mkono mfukoni.

Taa ikaachia magari.

Honi zililipuka pande zote. Bodaboda akampita ubavuni, upepo ukamvuta koti. Pikipiki ya pili ikapinda, ikaangusha kreti la soda. Bibi Agnesi alisikia mtu anapiga kelele, akaona ng'ambo Vicky ametupa kompyuta mikononi mwa mkubwa wake, anakimbilia ukingoni, mikono juu.

"Bibi! Haikuoni! Vua koti! Bibi, vua koti!"

Akaelewa. Alielewa pia kitu kingine, hapo katikati ya vyuma vinavyopita: hivi ndivyo ilivyokuwa kwa Isidori. Kusimama hapa, macho yana ukungu, ubavu mtupu, kila mtu anapita na hakuna anayekuona. Akafungua kifungo cha kwanza. Vidole vilikuwa vizito. Akafungua cha pili. Koti likamtoka begani, likamtoka mkononi, akabaki na gauni lake la maua, bibi mfupi wa Kibosho mbele ya nguzo.

Nguzo ikamwona. Taa ikabadilika. Magari yakafunga breki moja baada ya jingine mpaka la mwisho, na kimya kikaingia Kariakoo, kilekile.

Bibi Agnesi akalitandika koti juu ya mstari mweupe, akalinyoosha mikono kama anavyomnyooshea mteja kitambaa. Akaweka isale juu ya kifua cha koti.

"Isidori," akasema, na katika kimya kile walimsikia mpaka waliokuwa chini ya mwavuli. "Nilikukosea. Nilisema barabara hii sikuijenga mimi. Hata kiwiko chako sikukiumba mimi, lakini kilikuwa changu kukishika. Sina cha kuongeza. Ukinikatalia, umeikatalia isale."

Akangoja. Taa nayo ikangoja. Hakuna dereva aliyepiga honi. Halafu akageuka akamaliza barabara kwa miguu yake mwenyewe, Vicky akamdaka kiwiko ukingoni akaanza kulia.

"Acha kulia, Mmachame. Hukuniua."

"Nilikuwa nimekuua, Bibi. Mimi ndiye niliyeifundisha isikuone."

Mmoja wa wageni wa mji akauliza ni kitu gani kimetokea, na mkubwa wa kampuni akaanza kusema hitilafu ndogo, jambo la kawaida. Vicky akafuta uso, akamkata kauli mbele ya wote. Akaeleza kila kitu, koti, picha, na alivyoiambia mashine. Wageni wakaandika. Siku ile hawakununua taa. Waliwaambia watu wa kampuni warudi siku ambayo mashine yao haitaweza kuambiwa na yeyote kwamba mtu si mtu.

Na magari? Taa iliyaachia, yakaanza kutembea. Kwa mashine barabara ilikuwa nyeupe. Lakini dereva wa kwanza alipolifikia koti lililolala pale na jani kifuani, akakata usukani. Wa pili akamfuata. Bajaji, maguta, malori ya mizigo, wote wakalizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

Mrisho alirudi kutoka msikitini, akakuta watu wamesimama kingo zote mbili. Akashika kichwa.

"Innalillahi! Nani kafa?"

"Leo hajafa mtu," alimjibu Sabaha. "Ni wa zamani."

Bibi Agnesi alikula kwa Sabaha siku hiyo. Aliketi benchi lilelile, akatazama duka lake kutoka ng'ambo, jambo alilokuwa amelisahau lilivyo. Mlangoni hanga tupu ilikuwa inayumba, feni inaisukuma. Alikula wali wote. Jua lilipoanza kupoa alivuka peke yake, taa ikamwona, akainama katikati akaliokota koti. Aliligeuza, akalikagua kwa vidole vyake vinavyojua vitambaa, mbele, nyuma, mikono. Halikuwa na alama ya tairi hata moja. Jani halikuwepo.

Upepo, alisema Vicky. Bibi Agnesi hakubishana naye, na hilo peke yake liliwashangaza watu.

Desemba ile alifunga duka kwenye msimu wenyewe wa sare, akapanda basi la Moshi, na koti akalipeleka Kibosho kwa mwenyewe. Siku hizi akienda kula huweka fagio mlangoni kama watu wengine, anavuka, anaketi kwa Sabaha. Lakini saa saba kasorobo ikifika, watu wakishaisha barabarani, utamwona anaacha kutafuna kidogo, kijiko mkononi, anasikiliza.